Kanuni za Usalama wa Mionzi Zikilegezwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo hujitokeza kila panapofanyika kikao kuhusu mionzi hapa Mombasa, wawe waliohudhuria ni wauguzi, makarani wa bandarini au wenye yadi za skrepu wa Changamwe na Jomvu. Majibu hayana urefu sawa, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Mionzi inayozungumziwa hapa ni ipi? Je, minara ya simu imo?

Haimo. Mionzi inayodhibitiwa na kanuni hizi ni ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na hivyo kuharibu vinasaba ndani ya chembe hai: eksirei, miale ya gama, na ile inayotoka kwenye madini kama urani, thoriamu, kobalti-60 na seziamu-137. Mawimbi ya simu, redio na intaneti hayana nguvu hiyo.

Nani anasimamia kanuni hizi nchini Kenya?

Ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Bodi ya Kinga ya Mionzi, chini ya sheria ya mwaka 1982. Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa kila mwenye mashine ya eksirei, kila hospitali yenye chanzo cha mionzi cha kutibu saratani, na kila kampuni inayotumia vyanzo hivyo viwandani.

Viwango vyenyewe chimbuko lake ni mapendekezo ya Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, iliyoanzishwa mwaka 1928, ambayo baadaye yaliingizwa katika kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kwa mujibu wa viwango hivyo vya kimataifa, mfanyakazi wa mionzi hapaswi kupokea zaidi ya wastani wa milisivati 20 (milisivati ni kipimo cha mionzi anayoipokea mtu mwilini) kwa mwaka, ukihesabiwa katika miaka 5, wala zaidi ya milisivati 50 katika mwaka wowote mmoja. Mwananchi wa kawaida kikomo chake ni milisivati 1 kwa mwaka, mbali na mionzi ya asili na ile ya matibabu. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na ndani ya vyakula humpa mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani kote, ilhali picha moja ya tumbo ya mashine ya CT huweza kufikia milisivati 10 hivi.

“Kulegeza kanuni” maana yake nini hasa?

Wengi hudhani ni kupandisha ile namba tu, kutoka 1 kwenda 5 kwa mfano. Hiyo ni njia mojawapo, na kwa maoni yangu si ile inayoumiza watu wengi zaidi. Kanuni hulegezwa pia leseni inapotolewa bila ukaguzi wa mahali, muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine unapoongezwa, vifaa vya aina fulani vinapoondolewa katika orodha ya vinavyotakiwa kusajiliwa, au pale sharti la kupunguza mionzi kadiri inavyowezekana linapofutwa na kubakizwa kikomo peke yake. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Sharti hilo likiwapo, kiwanda kinachowapa wafanyakazi wake milisivati 12 kwa mwaka hulazimika kueleza kwa nini zisiwe 6. Likiondolewa, 19 na 6 huwa sawa mbele ya sheria.

Ipo pia njia ya kimyakimya, ambapo sheria inabaki kama ilivyo vitabuni lakini fedha za wakaguzi, za mafuta ya gari na za kurekebisha vifaa vya kupimia zinapunguzwa mwaka baada ya mwaka. Hakuna mbunge anayeulizwa kuhusu aina hii ya kulegeza, kwa sababu hakuna karatasi iliyotiwa saini.

Je, wanaotaka zilegezwe wana hoja yoyote?

Wanazo, na si haki kuzipuuza. Hoja kuu ni kwamba kanuni za leo zimejengwa juu ya dhana kuwa kila kiasi cha mionzi, hata kiwe kidogo namna gani, huongeza hatari ya saratani kwa uwiano uleule. Dhana hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, ambao wengine walipokea mionzi mingi kwa mara moja, na wapo wanasayansi wanaohoji kama inafaa kuihamishia kwa mtu anayepokea kidogo kidogo kwa miaka. Mwezi Mei 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri iliyoitaka Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya nchi hiyo iangalie upya dhana hiyo pamoja na sharti la kupunguza mionzi kadiri inavyowezekana, kwa madai kwamba vinachelewesha ujenzi wa vinu vya nyuklia vya kuzalisha umeme.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kwangu. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya Machi 2011, vifo zaidi ya 2,000 katika mkoa ule vilihusishwa na maisha ya kuhamahama na dhiki iliyofuata maafa: wazee waliotolewa hospitalini kwa haraka, wagonjwa waliokatiziwa matibabu, watu waliokata tamaa katika makazi ya muda. Hofu ya mionzi nayo huua. Anayetetea kanuni kali bila kulikubali hilo hatendi haki.

Basi sayansi inasemaje kuhusu viwango vidogo?

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wafanyakazi 309,932 wa sekta ya nyuklia wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, watu ambao walipokea mionzi kwa namna ileile inayobishaniwa, yaani kidogo kidogo kwa miaka mingi. Vifo vya saratani za viungo viliongezeka kadiri jumla ya mionzi ilivyoongezeka, na hapakuonekana dalili kwamba kuipokea polepole kunapunguza madhara ikilinganishwa na manusura wa Japani. Uchunguzi mmoja haumalizi ubishi, lakini huu hauwasaidii wanaotaka kulegeza.

Kwa makadirio yanayotumika kimataifa, watu 100,000 wakipokea milisivati 1 kila mmoja, watano hivi kati yao huenda wakafa kwa saratani iliyosababishwa na mionzi hiyo. Watano hao hawatajulikana kamwe. Watazikwa miongoni mwa maelfu ya wengine waliokufa kwa saratani zisizohusika, na hakuna daktari atakayeweza kumwonyesha mmoja wao kwa kidole. Kwa mfanyakazi hesabu ni nzito zaidi: anayepokea milisivati 20 kila mwaka kwa miaka 40 hufikisha 800, na hatari yake ya kufa kwa saratani ya kazini huwa takriban 3 kati ya 100. Kikomo kikiwa 50 na akakifikia kila mwaka, hatari hiyo hukaribia 8 kati ya 100. Wachache hufika huko, na wengi hawafiki kwa sababu ya lile sharti la kupunguza ambalo sasa linapigwa vita.

Kwa nini hatuoni madhara mara moja kanuni zinapolegezwa?

Kwa sababu saratani ya mionzi huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi zaidi ya 10. Saratani ya damu na ile ya tezi ya shingo kwa watoto huwahi zaidi. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 1986, watoto wa Belarusi, Ukraini na sehemu za Urusi waliendelea kunywa maziwa yenye iodini-131 ambayo hayakuzuiwa kwa wakati, ingawa iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8 na kuyazuia maziwa kwa miezi michache tu kungetosha. Kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamegunduliwa kuwa na saratani ya tezi hiyo, sehemu kubwa yao kwa sababu ya yale maziwa.

Mtumishi wa serikali anayelegeza kanuni leo atakuwa amestaafu siku hesabu itakapofika. Hilo ndilo linalonifanya nisiridhike na kauli kwamba “tumelegeza miaka mitatu sasa na hakuna kilichotokea”.

Kuna nchi iliyowahi kupandisha kikomo, na ikawaje?

Japani ilifanya hivyo mara mbili katika mwaka uleule wa 2011. Mwezi Machi kikomo cha wafanyakazi wa dharura katika kituo cha Fukushima kilipandishwa kutoka milisivati 100 hadi 250, jambo ambalo linaeleweka, kwani mtu mzima aliyeelezwa hatari na kukubali si sawa na mtoto. Mwezi Aprili serikali ilitangaza kuwa shule za mkoa huo zingeweza kutumika mahali ambapo mtoto angefikia hadi milisivati 20 kwa mwaka. Mshauri wa Waziri Mkuu kuhusu mionzi, Profesa Toshiso Kosako, alijiuzulu huku akitokwa na machozi mbele ya waandishi wa habari, akisema hawezi kulikubali hilo kwa watoto. Wazazi walipinga, na mwezi Mei wizara ikatangaza kuwa lengo litakuwa milisivati 1 shuleni, na udongo wa viwanja ukaanza kuondolewa. Hasara iliyobaki ni ya imani: mzazi aliyeambiwa 20 ni salama, kisha akaambiwa 1, haamini namba ya tatu.

Sisi wa skrepu tunahusikaje na mambo ya nyuklia?

Mnahusika kuliko mtu mwingine yeyote mjini, na swali hili ndilo ninalolijibu kwa kirefu kila mara.

Chanzo cha mionzi cha hospitali au cha kiwanda huwa ni kitu kidogo, pengine si kikubwa kuliko punje ya harage, kilichofungwa ndani ya gamba la madini ya risasi au chuma kizito. Kwa macho ya mtu anayenunua kwa kilo, gamba hilo ni bahati: kipande cha ukubwa wa chungu ambacho vijana wawili hawawezi kukishusha kwenye mkokoteni. Uzito huo ambao ulikusudiwa kuwalinda watu ndio unaomvutia mnunuzi, na nyundo na patasi hufuata. Yaliyotokea Goiânia, Brazili, mwaka 1987 yalianza hivyo. Kliniki ya matibabu ya saratani ilihama jengo lake na kuacha nyuma mashine yenye seziamu-137 bila kuwaarifu waliotoa leseni. Vijana wawili wakaingia katika magofu, wakang'oa kichwa cha mashine, wakakichukua kwa toroli na kukiuza kwenye yadi ya skrepu. Usiku mwenye yadi akaona unga unaong'aa kwa rangi ya samawati, akaona ni kitu cha thamani, akawagawia ndugu na marafiki punje za ukubwa wa mchele. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 alikula chakula kwa mikono yenye unga ule. Aliyeunganisha mambo hakuwa mkaguzi wala daktari, bali mke wa mwenye yadi, ambaye aliona kila aliyekigusa kile kitu anaugua, akayatia mabaki yake katika mfuko na kuyapeleka kliniki kwa basi. Watu 4 walikufa, yeye na mtoto yule wakiwamo. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na wakazi zaidi ya 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo.

Wanaodhani hayo ni ya ng'ambo tu, Afrika nayo inayo yake. Mwaka 1984 huko Mohammedia, Morocco, kibarua katika ujenzi wa kituo cha umeme aliokota kijichuma kilichodondoka kutoka kwenye kifaa cha kupiga picha za viungo vya bomba, akaenda nacho nyumbani. Kilikuwa iridiamu-192, chanzo kikali cha mionzi. Watu 8 walikufa, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa familia imekula sumu. Mwaka 2000 katika kijiji cha Meet Halfa, Misri, mkulima aliokota chanzo cha aina hiyohiyo akidhani ni madini ya thamani. Akafa yeye na mwanawe. Mwaka huohuo huko Samut Prakan, Thailandi, chanzo cha kobalti-60 kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye maegesho ya magari bila idhini kilifika kwa wafanyabiashara wa skrepu, na watu 3 wakafa.

Kifaa kama kile cha Mohammedia hutumika duniani kote kukagua viungo vya mabomba na matangi, na mji huu una mabomba na matangi ya mafuta ya kutosha kati ya Kipevu na Shimanzi. Wanaoshika kazi hiyo kwa kawaida huifanya usiku watu wakiwa wametawanyika, na kanuni huwataka wapime kwa kifaa kila baada ya picha ili wahakikishe kuwa chanzo kimerudi ndani ya gamba lake. Kupima huko huchukua nusu dakika. Ni nusu dakika hiyo ambayo hulegezwa kwanza, na hailegezwi na Bunge. Hulegezwa na msimamizi anayetaka kazi iishe kabla ya alfajiri.

Chuma kikishayeyushwa, si hatari imekwisha?

Hapana. Moto hauui mionzi, huisambaza tu. Mwishoni mwa mwaka 1983 mashine ya kobalti-60 iliyokuwa imekaa ghalani kwa miaka bila leseni ilivunjwa huko Ciudad Juárez, Meksiko, ikauzwa kama chuma chakavu, ikayeyushwa na kugeuzwa nondo na miguu ya meza. Iligunduliwa kwa bahati: Januari 1984 lori lililobeba nondo hizo lilipita karibu na maabara ya Los Alamos nchini Marekani na kengele za mionzi zikalia. Wakati huo nondo nyingine zilikuwa zimeshajengewa, na mamia ya nyumba yakabidi yabomolewe.

Ndiyo maana yadi inayouza kwa viwanda vya kuyeyusha chuma inafaa kuwa na kifaa cha kupimia mionzi getini, au angalau kimoja cha mkononi karibu na mzani. Wanaosema ni gharama waulize bei ya kusafisha tanuru lililochafuka kobalti.

Mimi hufanya kazi chumba cha eksirei. Kanuni zikilegezwa, kwangu kitabadilika nini?

Beji yako. Katika kliniki moja ambayo sitaitaja niliona beji tatu za kupimia mionzi zimetundikwa kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango, kando ya kalenda ya mwaka uliopita, huku wenyewe wakiwa ndani wanapiga picha. Beji hizo zilipopelekwa kusomwa zilirudi na majibu mazuri sana, nayo yalikuwa ya kweli: msumari ule haukupata mionzi mingi. Aproni ya madini ya risasi, ile ya kukinga mwili dhidi ya mionzi, ilikuwa imekunjwa mara nne juu ya kabati. Aproni ikikunjwa hupasuka ndani mahali pasipoonekana kwa macho, na nyufa zake huonekana tu siku aproni yenyewe inapopigwa eksirei, kazi ambayo inatakiwa kufanywa angalau mara moja kwa mwaka.

Hapakuwa na ukatili wowote katika chumba kile. Palikuwa na wagonjwa arobaini kwenye foleni na mkaguzi ambaye hakuwa ameonekana kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo kulegea kunavyofanana ukikutazama kwa karibu.

Na nikiwa mjamzito?

Mwarifu mwajiri mapema. Viwango vya kimataifa hutaka mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisivati 1 hivi tangu mimba ilipotangazwa hadi kujifungua, na mwajiri ana wajibu wa kupanga kazi upya bila kukufukuza.

Magari ya mitumba kutoka Japani je?

Baada ya mwaka 2011 swali hili lilikuwa kwa kila mnunuzi wa gari Mombasa. Bandari za Japani zilianza kupima magari kabla ya kuyapakia melini, na machache yenye vumbi la seziamu yalizuiwa, yakaoshwa au yakavunjwa. Seziamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30, kwa hiyo kupita kwa muda peke yake hakujaiondoa. Kilichopunguza wasiwasi ni upimaji. Upimaji ukifutwa upande wa kupakia, mzigo wote huhamia Kilindini, ambako mambo huamuliwa kwa haraka na meli inayofuata inasubiri.

Mlima Mrima, Kwale, una mionzi ya asili. Mbona watu wanaishi?

Ni kweli kwamba miamba ya Mrima ina thoriamu pamoja na niobiamu na madini adimu, na kwamba mionzi ya pale iko juu kuliko kawaida. Wapo watu wanaoishi pia Ramsar, Irani, na katika pwani ya Kerala, India, penye mionzi mingi ya asili. Hata hivyo mlima uliotulia si sawa na mlima unaochimbwa. Uchimbaji huleta vumbi linalovutwa hadi mapafuni na marundo ya mchanga uliochujwa, ambamo thoriamu hujikusanya kuliko ilivyokuwa ndani ya mwamba. Hoja ya “wamezoea” ndiyo hutangulia kila mtu anapotaka kuondoa madini ya aina hii katika orodha ya yanayodhibitiwa.

Kinu cha nyuklia cha Kilifi kilihamishwa. Kwa nini tuendelee kuuliza?

Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa kituo cha megawati 1,000, na baadaye mazungumzo yakaelekezwa upande wa Siaya. Nchi inayojenga kinu cha kwanza huwa na hamu ya kukimaliza, na huo ndio wakati ambao mdhibiti anahitaji kuwa mbali na mjenzi. Lakini sihitaji kinu kueleza hofu yangu. Owino Uhuru iko hapahapa Mombasa: kiwanda cha kuyeyusha betri kilipewa kibali katikati ya makazi, risasi ikaingia katika damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ile ilikuwa risasi, si mionzi, nayo ilipimika katika damu ya mtoto mmoja mmoja na kuletwa mahakamani kama ushahidi. Saratani ya mionzi haiachi ushahidi wa namna hiyo.

Nikikuta kitu nisichokielewa chenye alama ya mionzi nifanye nini?

Usikiguse, usikipige nyundo, usikitie mfukoni wala kukifunika kwa mchanga. Ondoka na uwaondoe wengine hadi umbali wa mita 30 hivi pande zote, zuia mtu asikaribie, kisha piga simu polisi na utaje wazi kwamba ni mionzi. Ikiwa ulikigusa, osha mikono kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, na umweleze daktari ulichokishika na kwa muda gani, hata kama hakuna kinachouma. Majeraha ya mionzi mikononi huanza kama ngozi iliyoungua siku au wiki kadhaa baadaye.

Alama ya zamani ni ua la panga tatu, jeusi juu ya manjano, ambalo wengi hulidhania feni. Kwa ajili hiyo mwaka 2007 ilitolewa nyingine ya kubandikwa kwenye vyanzo hatari zaidi: pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Kabla ya kuidhinishwa ilijaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo. Kwa kawaida hubandikwa ndani ya kifaa, chini ya kifuniko, ili aionaye awe ni yule aliyekwisha kuanza kufungua skrubu.